Nyasi Zilizokunywa Mvua ya Mtoni

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupima nyasi. Si kuzikata, si kulishia ng'ombe; kuzipima tu. Nazitoa kwenye mfuko wa khaki, naziweka kwenye mizani, naandika kwenye daftari, nazirudisha mfukoni. Majirani zetu wa Mtoni, Temeke, walipomuuliza mama mwanawe siku hizi anafanya nini, alijibu kwamba yuko ofisini Kinondoni, halafu akawauliza habari za wagonjwa wao. Hakunisomesha mpaka kidato cha sita kwa kusuka mikeka ili aje awaambie wenziwe kwamba mtoto anapima majani makavu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa vitu tena, mitumba imemwagwa mpaka barabarani, na kila aliyerudi kutoka ng'ambo na shahada alirudi na mradi. Palikuwa na mradi wa nyuki, mradi wa vyoo, na mmoja naukumbuka vizuri, uliokuwa wa kuwafundisha watu namna ya kuandika miradi. Mkubwa wangu alikuwa na mradi wa nyasi. Nilimwita Daktari kama alivyotaka, ingawa asingeweza kukutoa hata mwiba mguuni. Alivaa tai katika joto la Kinondoni, na kwa kuwa mfanyakazi wake nilikuwa mimi peke yangu, mahubiri yake yote niliyabeba mimi.

Mahubiri yenyewe yalikuwa hivi. Dunia inapata joto, na wakubwa wa huko nje wameanza kuhangaika. Huku kwetu pwani tumeshazoea kuungua, lakini kule juu, kwenye uwanda wa milimani upande wa Njombe, ambako asubuhi umande huganda juu ya majani na ng'ombe huotesha manyoya marefu, nyasi zimezoea baridi. Joto likipanda, nyasi hizo zitafanya nini? Zitaongezeka au zitapungua? Hilo ndilo swali la mradi, na nakiri lilikuwa swali zuri. Mpaka leo naliona zuri, na ndiyo maana nakasirika kwamba liliangukia mikononi mwa watu kama sisi.

Njia ya kulijibu ilikuwa rahisi. Kule uwandani walisimamisha vizimba vya plastiki angavu, visivyo na paa, vya kunasa joto la jua. Nyasi zilizomo ndani zilipata joto kuliko zilizokuwa nje. Msimu ukiisha, unaweka fremu ya mbao chini, unakata kila kilichomo ndani ya fremu, ndani ya kizimba na nje ya kizimba, unakausha, unapima. Uzito wa nyasi kavu ndio jibu. Ukitaka kujua kwa nini mizani na tanuri la kukaushia vilikuwa Kinondoni, mwendo wa siku nzima kutoka kwenye nyasi zenyewe, jibu ni kwamba Daktari alikuwa anapatwa na mafua kule juu. Mtaalamu wa nyasi za baridi alikuwa haiwezi baridi. Alikwenda mara moja, akapigwa picha amechuchumaa kando ya kizimba, akarudi kesho yake. Picha hiyo ilitundikwa ofisini, ukutani nyuma ya kiti chake.

Kazi ya huko aliifanya mzee mmoja mwenyeji, mfugaji, ambaye mradi ulimkodi kama mkataji. Alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja waliochungwa uwandani humo humo, kama ng'ombe wa baba yake na wa babu yake. Alikata, akafunga, akaandika kwa penseli juu ya kila mfuko, NJE au NDANI, kwa herufi kubwa zilizosimama wima, kisha akapakia mifuko kwenye basi. Basi likisimama Ubungo nilikuwa nalisubiri mimi. Pamoja na mifuko ilikuja barua, imeandikwa kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu.

Barua zile nilizisoma mimi kwanza, maana Daktari hakuzisoma kabisa. Mzee hakuwa na maneno mengi. Aliandika kwamba ndani ya vizimba nyasi zinaanza vizuri, zinarefuka haraka, halafu zinageuka njano kabla nyasi za nje hazijachanua. Ardhi ya humo inakauka na kupasuka. Vile vimmea vidogo vyenye majani laini, ambavyo ng'ombe hutafuta kwanza, vimetoweka, kumebaki bua gumu ambalo hata punda hulitazama mara mbili. Halafu aliongeza kitu ambacho hakuna aliyemuuliza: kwamba hata nje ya vizimba mambo yanaelekea huko huko. Siku za umande kuganda zimepungua tangu alipokuwa kijana, ukungu unaondoka mapema, na chemchemi mbili ambazo baba yake alinyweshea ng'ombe sasa zina tope tu. Daktari alikuwa na jalada lililoandikwa Mengineyo. Barua zote zilikwenda humo, pamoja na risiti ya feni na kadi ya harusi.

Kilichokuwa kinategemea kazi yetu hakikuwa siri. Shamba la mifugo la serikali lililopakana na kijiji cha mzee lilikuwa linauzwa, kama vilivyouzwa vitu vingi wakati huo, na mwekezaji mmoja alilitaka, ila alitaka na uwanda wa kijiji juu yake kwa ajili ya kundi kubwa la ng'ombe. Kijiji kilikuwa kimegawanyika. Wakubwa wa wilaya walisema wasubiri utafiti wa wataalamu wa Dar es Salaam. Kama nyasi zitaongezeka joto likizidi, basi uwanda unatosha kwa wote, mwekezaji na wenyeji. Kama zitapungua, hautoshi hata wenyeji. Mzee, aliyenijua kwa jina la mpokeaji mizigo tu, aliniandikia mimi binafsi kwamba anaisubiri mizani iseme, maana yeye akisema anaambiwa ana wivu na mwekezaji. Ng'ombe kumi na mmoja wa mtu walikuwa wanangoja daftari langu.

Mwaka wenyewe wa ripoti, mifuko ya NJE ilifika kwanza. Daktari alikuwa amemwagiza mzee asichanganye mifuko katika basi moja, na mzee alitii kwa uangalifu ule unaomfanya mtu aharibikiwe. Mifuko ya NJE ikaingia kwenye tanuri siku tatu, ikatoka nyasi zimekauka mpaka zinalia zikiguswa, nikapima, nikaandika. Wiki mbili baadaye ikafika mifuko ya NDANI, na siku hiyo hiyo ukaanza mgao wa umeme. Mabwawa yamekauka, walisema redioni, huku masika ikitumwagikia sisi Temeke na Kinondoni mpaka vyoo vinafurika. Umeme ulikuja kwa saa mbili tu, kisha ukakatika siku nzima. Tanuri likawa kabati.

Hapa ningependa msomaji ajue kwamba chini ya ofisi yetu kulikuwa na jenereta. Mwenye nyumba, Mhindi aliyeuza majokofu ghorofa ya chini, alipanda ngazi mwenyewe kuja kutuambia.

"Bwana Daktari, leta oveni yako dukani, chomeka tu," alisema. "Jenereta inaunguruma bure hii. Majokofu yenyewe nani ananunua na mgao huu."

Daktari alimshukuru kwa Kiingereza. Mhindi aliposhuka, akaniambia mradi wa kimataifa hauwezi kuombaomba umeme dukani, kwamba wafadhili wakisikia data zao zimekaushwa katikati ya majokofu ya kuuza tutakuwa kichekesho. Halafu akanipa agizo. Nizichukue nyasi nyumbani kwetu, nizikaushe kwa njia za asili.

Njia za asili, masika, Mtoni. Mtoni ya mabondeni, ambako wakati wa masika chumvi inageuka maji kwenye kopo, kiberiti hakiwaki, na shati ulilofua Jumatatu unalivaa Ijumaa linanuka mbwa. Mtu aliyezaliwa mahali hapo, kama mimi, alipaswa kucheka. Mimi nikabeba mifuko. Nilikuwa na kazi ya ofisini na sikutaka kuipoteza. Hiyo ndiyo sababu yote, na sijawahi kupata iliyo bora zaidi.

Nikazitandaza nyasi chumbani, juu ya mikeka ya mama iliyokuwa inasubiri kupelekwa sokoni. Jua likichungulia nazitoa nje, mvua ikirudi nazikimbiza ndani. Baada ya wiki mbili nilimwambia mama kesho nazirudisha ofisini, zimekauka. Mama alikuwa amekaa chini anachana ukindu. Msusi wa mikeka anajua jambo moja kuliko wasomi wote wa Kinondoni, nalo ni maji yanavyoingia na kutoka kwenye jani. Ukindu mkavu hausukiki, unakatika. Lazima uurashie maji kidogo ulainike. Ukizidisha unaota ukungu. Kazi yake yote iko katikati hapo. Akaokota bua moja la nyasi za mradi, akalikunja. Halikukatika. Akalikunja tena upande wa pili, akalifunga fundo, akanirushia.

"Kavu hii?"

"Mama, zina wiki mbili humu."

"Ata ziwe na mwaka. Zimekuja mbichi, na humu ndani zimekunywa. Nyie na mizani yenu mnapima mvua ya Mtoni."

Nikamwambia Daktari ndiye aliyeagiza. Mama akasema basi Daktari aje alale humu masika moja, tumpime na yeye.

Nilimpelekea Daktari habari hiyo kesho yake, na kwa hilo najipa sifa ndogo, maana ndiyo pekee ninayostahili. Nilimwambia mifuko ya NJE tumeipima imekauka, hii ya NDANI ina maji, kwa hiyo haiwezi kulinganishwa. Nilimwambia tungoje mgao uishe, au nishuke nikachomeke tanuri kwa Mhindi. Aliniuliza nimeipata wapi hoja hiyo. Kwa ujinga wangu nikasema kwa mama.

"Mama yako ana shahada gani?"

Nikasema anasuka mikeka. Alicheka mpaka akavua miwani akaifuta. Kisha akanieleza, kwa upole wa mtu anayezungumza na kondoo, kwamba unyevunyevu ni kitu kidogo, unajifuta wenyewe katika hesabu, na kwamba hata mtoto anajua mimea inapenda joto. Wafadhili walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi. Pima, akasema.

Nikapima. Mizani ikasema kile ambacho mizani yoyote ingesema ukiiwekea maji: mifuko ya NDANI ilikuwa mizito kuliko ya NJE, tena kwa mbali. Daktari alifurahi kama mtu aliyejaliwa mtoto wa kiume. Ripoti ikaandikwa kwamba joto likiongezeka, uwanda wa juu utastawi.

Wakaitisha semina. Kama hujawahi kuhudhuria semina za miaka ile, hujapoteza kitu. Unapewa kalamu, jalada la plastiki na soda, unasikiliza mpaka chai ya saa nne, unakula sambusa, unasikiliza mpaka chakula, na jioni unatia sahihi upewe posho. Ukumbi ulikuwa Kinondoni. Walikuwepo wafadhili, watu wa wilaya, mwakilishi wa mwekezaji aliyesinzia kwa raha ya mtu anayejua mwisho wa hadithi, na mzee mwenyewe, aliyealikwa ili apigwe picha. Hapo ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito la mitumba na sweta ndani yake, jasho linamtiririka, na hakuvua chochote kwa sababu aliona amekuja mahali pa heshima. Nilimwamkia shikamoo, akaniita mwanangu, akasema kumbe ndiye mimi ninayepokea mizigo yake, na alikuwa ameniletea viazi.

Daktari akaonyesha ubaoni mchoro wa nguzo mbili za rangi, fupi ya NJE na ndefu ya NDANI. Watu wakapiga makofi. Mzee akanyoosha mkono, akasimama, akavua kofia.

"Samahani, naomba kuuliza. Nyasi hizi nilizikata mwenyewe. Za nje zilijaza mfuko mpaka nikashindwa kuufunga. Za ndani zilifika nusu. Sasa hapa naona za ndani ndizo nyingi. Sijaelewa zilizidi wapi, labda njiani."

Baadhi ya watu wakacheka. Daktari akatabasamu, akasema jicho la mwanadamu hudanganyika, tena jicho la mwenye ng'ombe, na sayansi iliumbwa kwa sababu hiyo. Akaninyooshea kidole nyuma ya ukumbi. Kijana wetu aliyepima huyu hapa, akasema, muulize. Mzee akageuka na mwili mzima.

"Ulizipima wewe mwenyewe, mwanangu?"

"Nilizipima mwenyewe."

"Na mizani ni nzima?"

"Nzima, mzee."

Akashukuru, akakaa. Sikusema uongo hata mmoja, na nimeishi muda mrefu nikilijua hilo na nikijidharau kwa kulijua. Ningeweza kusema neno moja tu la ziada. Mbele yangu palikuwa na sahani ya sambusa, nikaendelea kula.

Mama aliniuliza niliporudi kama tuliiandika na mvua ya Mtoni. Nikamsimulia habari ya mzee. Akaacha kusuka. "Mlete hapa nimwambie mie," akasema. "Mzee wa watu anaibiwa mchana kweupe na we unamtazama." Nikamwambia amefikia kwa ndugu yake Tandale, muuza viazi sokoni, na safari yake ni kesho. Mama akaniambia Tandale si Ulaya. Akarudi kwenye ukindu wake.

Nimalizie kwanza habari ya uwanda, maana niliipata baadaye kwa huyo ndugu wa Tandale. Kwenye mkutano wa kijiji, waliokuwa wanampinga mwekezaji walimtegemea mzee asimame aseme, kwa sababu yeye ndiye aliyekata nyasi na kila mtu alijua ukali wa macho yake. Mzee akasimama, akasema amekwenda Dar es Salaam, amewaona wataalamu, na yeye alikosea. Mkutano ukakubali. Ng'ombe wa mwekezaji wakaja na seng'enge zao. Uwanda ukaliwa mpaka udongo, mvua zilipochelewa haukurudi, na mwekezaji akauza, akaondoka kwenda kuwekeza kwingine. Ng'ombe wa mzee hakubaki hata mmoja. Daktari wakati huo alikuwa na mradi wa mwani.

Lakini kinachonikaba ni ile kesho yake ya semina, asubuhi. Nilikwenda Tandale kumsindikiza, nikijidanganya kwamba nitamwambia njiani. Nikamkuta amekaa juu ya gunia, koti lake amelikunja mapajani. Akasema ana ombi. Kabla hajaondoka anataka nimpeleke mahali wanapopima macho. Amefikiri sana, akasema. Kama mizani ni nzima na aliyepima ni mwaminifu, basi ugonjwa uko kwake, na mtu mwenye macho mabovu hafai kusimama mbele ya watu akawaambia habari ya malisho.

Nikampeleka. Kulikuwa na zahanati ya macho si mbali, chumba kimoja chenye benchi na bango la herufi ukutani. Muuguzi akamsimamisha kwenye mstari uliochorwa sakafuni, akamfunika jicho la kushoto, akamwambia asome. Mzee akasoma, taratibu, kwa sauti ya darasani, kutoka herufi kubwa ya juu mpaka zile za chini kabisa ambazo mimi niliyesimama karibu zaidi niliziona kama chawa. Akafunikwa la kulia. Akasoma tena yote, akamalizia na jina la kiwanda lililochapwa pembeni mwa bango.

"Mzee, hayo macho wapi umeyanunua?" muuguzi akasema. "Huna tatizo lolote. Nenda zako."

Mzee hakufurahi. Alibaki amesimama pale kwenye mstari na kofia mkononi, kisha akageuka akanitazama mimi, akingoja. Mbali na muuguzi, asiyejua habari za nyasi, hakukuwa na mtu mwingine chumbani wa kumjibu. Daktari hakuwepo, wafadhili hawakuwepo, na hakuna aliyekuwa ananitisha kwa lolote.

Nikamwambia macho ni mazima, mzee wangu, ila nyasi zina uzito mwingine usioonekana kwa macho.

Alifikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa. Akasema basi hivyo ndivyo atakavyowaeleza kijijini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.